Shangazi, ning'oe meno manne sasa, bresi nije kuweka mwakani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24. Tangu utotoni meno yangu yamepandana. Chonge ya juu upande wa kulia imeota juu kabisa ya fizi, imesimama mbele ya wenzake, na meno ya mbele ya chini yamebanana hadi moja limegeuka ubavu. Nikicheka naziba mdomo kwa mkono. Nikipigwa picha nafunga midomo. Kazini nazungumza na watu kutwa nzima, na ninaona jinsi macho yao yanavyoshuka kwenye meno yangu kabla ya kunitazama tena usoni.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa daktari wa meno. Akanitazama kwa kile kioo chao kidogo, akasema taya zangu ni ndogo kwa meno niliyonayo, kwa hiyo yang'olewe manne, mawili ya juu na mawili ya chini, ndipo nivae bresi, zile waya za kunyoosha meno. Hakunipiga picha yoyote. Alisema naweza kung'oa kwake, halafu bresi nikaweke kwa bingwa nitakapokuwa tayari.

Hapo ndipo ninapohitaji ushauri wako. Pesa niliyo nayo inatosha kung'oa. Ya bresi bado, na nikijibana sana nitaipata baada ya mwaka mmoja hivi. Nimewaza ning'oe sasa, vidonda vipone vizuri, mwakani nikienda kwa bingwa akute kazi nusu imekwisha. Nimeshapewa tarehe, wiki mbili kutoka leo.

Lakini roho inasita. Hayo meno manne ni mazima, hayajawahi hata kuniuma. Linaloniuma ni gego moja la chini kushoto lililotoboka, na daktari hakuligusia kabisa. Mama amekataa katakata. Anasema kung'oa meno ya juu kunaharibu macho, na anadai anamjua mtu yaliyemkuta. Mwenzangu kazini naye ananiambia uso utabonyea nifanane na mzee. Na mimi mwenyewe, Shangazi, sindano ya mdomoni naiogopa kuliko kitu chochote.

Nisaidie. Ning'oe? Na kama ni kung'oa, nijiandae vipi?

Mwanao,
Niliyechoka kuziba mdomo

*

Marahaba mwanangu,

Tarehe yako iko karibu, kwa hiyo jibu nalitanguliza: usiende kung'oa siku hiyo. Ahirisha. Sisemi using'oe kabisa, huenda meno hayo kweli yanapaswa kutoka. Ninachokuomba ni usiyatoe mwaka mzima kabla ya bresi, na usikubali hata moja litolewe kabla bingwa wa kupanga meno hajakupima na kukuandikia mpango wa matibabu.

Mawazo yako ya kumaliza kazi nusu mapema nayaelewa, na wengi hufikiri hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba pengo halikai likikusubiri. Mfupa unaolishika jino huanza kusinyaa jino likishatoka. Upana wake hupungua sana ndani ya miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 tu. Mwakani bingwa atakapotaka kulisogeza jino kuliingiza kwenye mfupa uliokwisha kunywea, litakwenda kwa shida, fizi itajikunja katikati ya pengo, na kuna hatari ya fizi kushuka na kuacha mzizi wazi. Meno ya jirani nayo hayatulii. Magego ya nyuma huinama kuja mbele, na jino lililokosa mwenzake wa kuumana naye huanza kuchomoza. Ile nafasi uliyoipata kwa kutoa jino zima italiwa na gego ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ujue pia bresi zinafanyaje kazi, maana ukilielewa hilo mengine yote yanajieleza. Waya unalisukuma jino taratibu. Upande linakosukumiwa, chembechembe za mwili hula mfupa na kufungua njia. Upande linakotoka, nyingine hujenga mfupa mpya. Kasi ya kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi. Gego dogo, lile linalofuata nyuma ya chonge, ambalo ndilo hutolewa mara nyingi, lina upana wa kama milimita 7. Piga hesabu mwenyewe: pengo moja ni kazi ya miezi mingi hata mfupa ukiwa mzuri, na huo mwendo unataka kuanza kidonda kikiwa kipya. Mabingwa wengi huweka bresi wiki chache baada ya kung'oa, wengine huziweka kwanza ndipo wakakutuma ukang'oe. Wapo pia wanaoacha pengo kwa muda kwa makusudi, ili jino lililokwama lishuke lenyewe, na chonge iliyoota juu kama yako huwa inafanya hivyo. Lakini hapo bingwa anafuatilia na anajua anasubiri nini. Kwako wewe ungekuwa unasubiri pesa.

Sasa, je, unahitaji kung'oa kweli? Hilo halijulikani kwa kuchungulia na kioo. Hupimwa. Bingwa atachukua umbo la meno yako kwa kipimo cha kuuma au kwa mashine ya kuskani, atapiga picha za uso wako ukitazama mbele na ukitazama pembeni, na utapigwa eksirei mbili: moja inayoonyesha meno na taya zote kwa pamoja, nyingine ya kichwa kutoka pembeni. Kama kuna uwezekano wowote una mimba, sema kabla ya eksirei. Kisha atahesabu nafasi inayopungua kwenye kila taya. Ikipungua chini ya milimita 4 hivi, mara nyingi meno hupangwa bila kung'oa. Ikifika milimita 10, mara nyingi hakuna njia nyingine. Katikati ya hapo ndipo penye mjadala, na hapo ndipo unapopaswa kuuliza maswali yako yote. Inawezekana kupunguza kidogo ubavu wa meno, chini ya nusu milimita kati ya jino na jino? Inawezekana kusogeza magego nyuma kwa msaada wa skrubu ndogo zinazowekwa kwenye mfupa? Kutanua kaakaa ni rahisi kwa watoto. Kwa miaka yako 24 mshono wa mfupa wa juu kwa kawaida umeshakaza, kwa hiyo usishangae wakikwambia hapana.

Wala usidhani wewe ni mshamba kwa kuhoji jambo hili. Wenye fani yao wamelibishania kwa zaidi ya miaka 100. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa fani ya kupanga meno, alishikilia kwamba mtu abaki na meno yake yote. Calvin Case, mwenzake katika fani hiyo, alipinga, na mwaka 1911 mzozo huo ukalipuka hadharani. Baadaye Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliona meno ya wagonjwa wake yakirudi yalikotoka na midomo yao ikisukumwa mbele. Akawatibu upya baadhi yao, safari hii kwa kutoa magego madogo manne, na matokeo yakawa mazuri zaidi. Leo hakuna bingwa makini anayeng'oa kwa kila mtu, na hakuna anayekataa kwa kila mtu. Ndiyo maana jibu la "manne" lililotolewa bila kipimo hata kimoja halinitoshi.

Nirudi kwenye gego lako lililotoboka, maana hilo limenishtua kuliko yote. Lazima lishughulikiwe kabla ya bresi, hapana mjadala. Lakini kuna jambo zaidi: kama limeharibika kiasi cha kutookoka, bingwa anaweza kuamua kutoa hilo upande ule badala ya jino zima. Si rahisi kila mara. Pengo la gego kubwa ni pana zaidi na liko mbali na mahali meno yanapobanana, kwa hiyo matibabu hurefuka. Hata hivyo fikiria, mwanangu, ungetolewa jino zima wiki mbili kutoka leo, halafu miezi michache baadaye ukatolewa na lile bovu upande uleule! Muulize bingwa swali hili waziwazi: "Gego hili linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi? Kama haliwezekani, tunaweza kulitoa hili tukaacha lile zima?"

Mpango ukikamilika, omba karatasi yenye namba za meno ya kutolewa. Mara nyingi anayepanga si yeye anayeng'oa, na kung'oa jino lisilo lenyewe ni kosa linalojulikana katika fani hii. Namba zinazotumika sehemu nyingi duniani zina tarakimu mbili. Ya kwanza ni upande: 1 ni juu kulia kwako wewe, 2 ni juu kushoto, 3 ni chini kushoto, 4 ni chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino kuhesabia kutoka katikati kwenda nyuma. Kwa hiyo gego dogo la kwanza la juu kulia ni 14, yaani la nne kutoka katikati, na mpango wa kawaida wa meno manne huandikwa 14, 24, 34, 44. Chonge yako iliyoota juu ni 13. Hiyo haitolewi hovyo hata ikionekana ndiyo msumbufu, kwa sababu ina mzizi mrefu kuliko yote na ndiyo inayoshika kona ya tabasamu. Ukishakaa kwenye kiti, kabla ya sindano, mwombe anayeng'oa akuguse kila jino analokwenda kutoa, wewe ukiwa na kioo mkononi. Hatakasirika. Nimekaa kliniki ya meno miaka mingi nikimsaidia daktari kitini, na madaktari wazuri niliowaona hufanya hivyo bila kuombwa.

Kuhusu sindano: usijifiche, mwambie daktari unaogopa. Kuna dawa ya kupakwa kwenye fizi ili ganzi ianzie juu juu kabla ya sindano yenyewe. Sindano inayouma zaidi ni ya kaakaa, upande wa ndani wa meno ya juu, kwa sababu nyama pale imekaza juu ya mfupa. Inachoma kwa sekunde kadhaa, na ukiijua kabla hutaruka. Ya chini hutia ganzi nusu ya mdomo na ncha ya ulimi. Baada ya hapo utasikia kusukumwa na kukandamizwa, tena kwa nguvu, na unaweza kusikia mlio wa kukatika karibu kabisa na sikio. Huo mlio huwatisha watu bure. Gego dogo la kwanza la juu mara nyingi lina mizizi miwili myembamba, na ncha ikivunjika daktari anajua la kufanya. Ukisikia maumivu makali ya kuchoma, inua mkono wa kushoto, aongeze ganzi. Kubaliana naye kabla kuhusu huo mkono.

Siku hiyo kula vizuri kabla ya kwenda, maana wengi wanaozimia kitini ni wenye njaa na hofu. Hiyo ni kwa ganzi ya mdomoni. Ukiambiwa utalazwa usingizi, masharti ya kula ni mengine kabisa, na utapewa. Mweleze daktari kama una kisukari, pumu, shida ya moyo, ugonjwa wa damu kutoganda, mzio wa dawa yoyote, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na usiache dawa uliyoandikiwa bila kumuuliza aliyekuandikia. Uliza pia kama yatatolewa yote manne kwa mara moja au upande mmoja kwanza. Mimi napendelea upande mmoja kwa mwoga, upate pa kutafunia, lakini wapo wanaoona bora waogope mara moja tu.

Baada ya kung'oa, uma shashi kwa nguvu kwa dakika 30 hadi 45 bila kuitoatoa kuangalia. Lile donge la damu linalobaki kwenye shimo ndilo linalofunika mfupa, na kila unalofanya kwa saa 24 za mwanzo liwe la kulilinda. Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usipeleke ulimi kulichokoa. Kula vyakula laini visivyo vya moto, na subiri ganzi iishe, kwani watu hujitafuna mdomo bila kujua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa weka shavuni kwa dakika 10 hadi 20, kisha pumzika. Dawa ya maumivu anza kabla ganzi haijaisha, paracetamol au ibuprofen kama huna sababu ya kuzuiwa, lakini usijitulize kwa aspirini kwa sababu huongeza kutoka damu. Siku ya pili anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula. Mswaki endelea nao kwenye meno mengine usiku uleule.

Maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yakipungua kisha yakarudi makali siku ya pili hadi ya nne, yakapanda sikioni, na mdomo ukatoa harufu mbaya, huenda donge limetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi kliniki wasafishe shimo na kuweka dawa. Usikae nyumbani ukimeza antibaiotiki za kuazima. Damu isiyokoma hata ukiuma shashi, homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au shida ya kumeza ni safari ya siku hiyohiyo.

Huo mwaka wako wa kudunduiza pesa haupotei. Pesa uliyo nayo sasa ipeleke kwenye kipimo cha bingwa na kwenye hilo gego, kisha safisha meno ukoga wote uondolewe. Fizi zikitoka damu unapopiga mswaki, zitibiwe sasa, kwa sababu kusogeza meno yaliyoshikwa na fizi zenye ugonjwa kunaweza kuyalegeza. Jizoeze kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dakika mbili kamili, na dawa yenye floridi. Bresi zina pembe nyingi za kushika mabaki ya chakula, na asiyesafisha vizuri huvuliwa akabaki na madoa meupe ya kudumu kuzunguka mahali kila kibandiko kilipokuwa. Muulize bingwa kama unaweza kulipa kidogo kidogo kila ziara, maana wengi hukubali na huenda usihitaji kusubiri mwaka mzima. Uliza pia kama bei inahusisha riteina, kile kifaa cha kushikilia meno baada ya bresi. Bila hicho meno hurudi yalikotoka, na utakihitaji usiku kwa miaka. Muda wa bresi kwa kesi ya kung'oa mara nyingi ni miaka miwili, pengine zaidi.

Mwenzako wa kazini hajasema uongo mtupu. Meno ya mbele yakirudishwa nyuma, midomo nayo hurudi kidogo. Kwa mwenye meno yaliyochomoza hilo ndilo linalotafutwa. Kwa mwenye midomo iliyolala tayari, ni jambo la kuangaliwa, na ndiyo kazi ya ile eksirei ya pembeni. Mwombe bingwa akuambie midomo yako itakaaje.

Mama yako usimkatalie kwa ukali. Mishipa ya fahamu ya meno ya juu si ile inayoleta kuona. Ule wa macho unatoka nyuma ya jicho na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo, na daktari anayeng'oa gego dogo hafiki huko. Lakini mama hatashawishika kwa maneno yangu. Nenda naye kwa bingwa, aione eksirei yako ukutani, aulize mwenyewe kuhusu macho na ajibiwe mbele yako.

Kesho asubuhi piga simu uahirishe tarehe. Na bingwa akishakupima, niandikie amesema nini kuhusu lile gego.

Shangazi yako